Hakunywa Maji ya Ziwa

Binti yangu ameniomba nisiandike haya. Amesema, "Baba, yameshapita, hata mwenyewe ana wajukuu sasa." Katekista wa kigango chetu hapa Sumbawanga naye amenishauri niyapeleke kwenye kitubio yaishie huko. Nimewasikiliza wote wawili, na naandika. Kitubio nilishafanya. Lakini mtu niliyemkosea sikumkosea kanisani. Nilimkosea kwenye gati la Kasanga, mchana, watu wakisikia na kucheka.

Kosa lenyewe ni hili: nilisema mwenzangu amekunywa maji ya ziwa, nikijua kwamba hakunywa.

Tulikuwa vijana wawili wa Msanzi. Tulichunga ng'ombe pamoja, na kuogelea tulijifunza pamoja kwenye bwawa la kijito, ambako maji ya mwezi wa sita yanauma mifupa. Mimi nilifika kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la saba, siyo kwa kukosa akili, bali kwa kukosa baba. Tuliposikia kuna kazi Kasanga ya kukamata samaki wadogo wa mapambo, wale wa rangi wanaopelekwa ng'ambo kuwekwa kwenye matangi ya vioo, tukashuka. Safari ya kutoka kwetu uwandani, kwenye nchi ya juu, kwenda ziwani ni kushuka kweli. Masikio yanaziba njiani, na ukifika chini unavua sweta.

Ziwani tukakuta tuna jina. Tuliitwa watu wa juu.

"Mtu wa juu anaoga kwa kikombe," walituambia siku ya kwanza tulipovua mashati.

"Ni kweli," mwenzangu akawajibu. "Sisi maji tunayaheshimu. Ninyi mnajisaidia humohumo mnamochota."

Walicheka, wakamkubali. Baada ya wiki moja walimkubali zaidi, kwa sababu alikuwa mzamiaji kuliko wao. Hatukutumia mitungi ya hewa. Tulivaa miwani ya kuogelea, tukatandaza wavu kuzunguka mwamba, kisha mtu anazama kwa pumzi yake mwenyewe kuwafukuza samaki waingie. Yeye alikuwa akikaa chini mpaka tulioko juu tunaanza kutazamana. Halafu anaibuka taratibu, kama mtu aliyetoka sebuleni kwake.

Mimi sikuwa hodari kama yeye, ila nilikuwa na cheti. Mwenye boti akanifanya msimamizi wa wazamiaji, kwa kuwa niliweza kuandika orodha ya samaki na kwa kuwa shuleni nilikuwa nimesoma kidogo huduma ya kwanza. Kidogo chenyewe kilikuwa nusu ukurasa wenye picha ya mtu aliyezama, amelazwa kifudifudi, kichwa chini, mwingine anamkandamiza mgongo maji yatoke. Nusu ukurasa huo ndio ulionipa kiburi.

Nilitunga taratibu zangu. Ya kwanza ilikuwa uji. Kwetu uwandani hakuna mtu anayetoka kwenye baridi bila uji wa ulezi tumboni, nami nikaamua kwamba mzamiaji asiingie majini kabla hajamaliza kibuyu kizima cha uji mwepesi, na baada yake maji ya moto. Nilisimama nikiwahesabia vikombe. Ya pili ilikuwa tyubu. Nguo zetu za mpira zilikuwa za mtumba, kubwa kuliko sisi, zinaingiza maji. Nikakata tyubu za baiskeli, nikawa namfunga kila mtu kifuani, mizunguko mitatu, kwa mikono yangu, nikiweka goti mgongoni mwake ili nikaze vizuri. Watu wa ziwani walikuwa wakiilegeza wakishafika upande wa pili wa mwamba. Mwenzangu hakuilegeza hata siku moja. Aliniamini.

Siku hiyo ilikuwa ya mwezi wa saba, upepo wa kusini ukivuma tangu alfajiri na maji yakiwa ya baridi kuliko kawaida. Tulikuwa na oda kubwa, na mwenye boti alitaka iishe kabla ya jua kuzama. Saa ya tatu ya kazi, mwenzangu akaibuka mapema kuliko alivyozoea, akashika ukingo wa boti.

"Kifua kimejaa," akasema.

"Kimejaa nini?"

"Sijui. Kama maji. Lakini sikunywa."

"Vuta pumzi, urudi."

Alinitazama. Nilikuwa rafiki yake na nilikuwa msimamizi wake, na siku hiyo alipaswa kuchagua anamtii nani. Akarudi chini. Alipoibuka tena alikuwa anakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na mlio ndani yake, kama uji unaotokota kwenye chungu kilichofunikwa. Tukamvuta ndani ya boti. Mdomoni alitoa povu lenye wekundu hafifu.

Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Amekunywa maji. Mlazeni."

"Sikunywa," akasema. "Niacheni nikae."

"Tulia, tunakusaidia."

Tulimlaza kifudifudi, kichwa kikining'inia nje ya ukingo, nikamkalia kiunoni na kumkandamiza mgongo. Tyubu ilikuwa bado imemfunga. Kilichotoka tumboni kilikuwa uji. Maji ya ziwa hayakutoka hata tone, nami niliona hivyo, nikaendelea kukandamiza. Alikuwa akipiga mbao kwa kiganja, akijaribu kuinuka, na kila alipoinuka nilimrudisha. Sijui tungefika wapi. Wimbi lilitupiga ubavuni, nikaanguka, naye akapata nafasi ya kujikokota mpaka kwenye injini, akakaa wima akiegemea, akang'oa tyubu kwa kucha zake. Akakaa hivyo, macho yamemtoka, akininyooshea mkono wa kunizuia nisimsogelee. Alipokaa, pumzi ikaanza kurudi kidogokidogo.

Gatini mwenye boti alikuwa akitusubiri. Akauliza kuna nini. Wazamiaji wa ziwani wakanitazama mimi, kwa kuwa uji ulikuwa wangu na tyubu ilikuwa yangu. Mmoja akasema polepole, "Mtu wa juu yamemshinda." Akasema hivyo akitutazama sote, mimi na mwenzangu, kama kitu kimoja.

Hapo ndipo nilipofanya niliyoyafanya. Niliona kazi inanitoka, na ninarudishwa Msanzi kulima. Nikasema mwenzangu amekunywa maji kwa uzembe, alicheka akiwa chini. Mwenye boti akauliza, na hiyo damu? Nikasema amejing'ata ulimi. Nilikuwa nimeutazama ulimi wake kwenye boti. Ulikuwa mzima. Kisha nikaongeza jina la utani, neno moja la kuchekesha kuhusu mtu anayekunywa ziwa, na gati zima likacheka. Neno hilo sitaliandika hapa. Limeshatembea vya kutosha.

Alilala zahanati siku mbili, akapona. Huko kupona kwake ndiko kulikommaliza. Watu walisema, angekuwa mgonjwa kweli angepona kwa siku mbili? Basi alijifanya, alikuwa anakwepa kazi. Hakuna boti iliyomchukua tena. Akapanda kurudi Msanzi, akalima ulezi na mahindi, na lile neno likapanda nyuma yake, ndani ya magari ya samaki. Nilisikia baadaye kwamba wanawe waliitwa hivyo shuleni. Mimi nilibaki Kasanga miaka saba nikiwa msimamizi, nikaoa, nikajenga Sumbawanga, nikafungua duka la vifaa vya baiskeli. Tyubu niliuza pia.

Nilikutana naye mara moja mnadani Matai. Aliponiona akavuka upande wa pili. Mimi nikajiambia kwamba ana kinyongo.

Miaka zaidi ya thelathini imepita hivyo. Nisingejua lolote kama ziwa lisingenikuta mwenyewe.

Binti yangu ameolewa Kasanga. Kila mwaka nikimtembelea nilikuwa na desturi ya kuogelea kutoka ufukweni mpaka kwenye mwamba mmoja na kurudi, ili wajukuu na majirani waone kwamba mtu wa juu bado yumo. Miaka miwili iliyopita nilifanya hivyo tena, mwezi wa saba. Nina presha, na vidonge nilikuwa nimeviacha Sumbawanga kwa makusudi, maana vilikuwa vinaniamsha kukojoa. Nilikunywa jagi la uji wa binti yangu. Nikavaa fulana ya mpira inayobana. Nilikuwa bado nafuata kanuni zangu.

Katikati ya njia pumzi ikawa fupi. Nilidhani ni uzee, nikaongeza nguvu. Kisha kikohozi kikaja, na ndani ya kikohozi nikausikia ule mlio. Ukisikia chungu kinatokota ndani ya kifua chako mwenyewe, huhitaji kuambiwa umewahi kukisikia wapi. Nilitema, mate yakaelea juu ya maji yakiwa na wekundu. Mdomo nilikuwa nimeufumba muda wote. Sikuwa nimekunywa hata funda moja.

Vijana wawili waliokuwa wanarudi na mtumbwi wakaniokota.

"Mzee kanywa maji," mmoja akasema. "Mlaze, kichwa chini."

"Sikunywa," nikasema. "Niacheni nikae."

"Tulia, mzee wangu, tunakusaidia."

Walikuwa vijana wema. Mikono yao ilikuwa na upole kuliko yangu ya zamani. Lakini waliponilaza niliona giza, na hewa iliyokuwa imebaki ikakimbia. Nikamng'ata mmoja mkono. Sioni aibu. Nilimng'ata mpaka akaniachia, nikakaa, nikashika kingo mbili za mtumbwi, nikamwambia atakayenigusa tutazama wote watatu.

"Mzee mkorofi huyu," yule mwingine akasema. Wakapiga kasia.

Walinipeleka Matai, kutoka hapo gari likanipandisha Sumbawanga nikiwa nimekaa wima njia nzima. Hospitali nikawekewa oksijeni. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yangu. Alinisalimia shikamoo, akasikiliza mgongo wangu muda mrefu, akauliza, "Mzee, ulikunywa maji?"

"Sikunywa."

"Nakuamini," akasema, akaandika.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nikakosa la kufanya na ubishi wangu.

Kesho yake, nilipoweza kuongea, alinieleza. Alisema yale maji ni yangu mwenyewe, yametoka ndani ya damu. Mtu akiwa ndani ya maji, maji yanambana miguu na mikono, damu inasukumwa kuja kifuani. Baridi inazidisha, maana mishipa ya ngozi inajifunga. Kama ametumia nguvu nyingi, au ana presha, au amejaza tumbo vinywaji kabla ya kuingia, au amevaa kitu kinachombana kifua, mishipa midogo ya mapafu inazidiwa na kuanza kuvuja. Mapafu yanajaa kutoka ndani. Akaniambia huwapata waogeleaji hodari na wapiga mbizi, hata vijana wasio na ugonjwa wowote. Dawa ya kwanza ni kumtoa majini, kumwondolea kinachombana, na kumkalisha.

"Na akipona kwa siku mbili?" nikauliza.

"Wengi hupona hivyo, wakitolewa majini mapema. Kwa nini?"

"Na zamani ugonjwa huu ulikuwepo?"

"Mapafu ni yaleyale, mzee."

Nilimwomba anirudie tena vile vitu, polepole. Alidhani nina hofu ya kufa. Nilikuwa navihesabu. Baridi ya mwezi wa saba, kazi ya saa tatu, kibuyu cha uji, tyubu mizunguko mitatu. Vingine vililetwa na upepo na oda. Viwili vililetwa na mimi.

Sasa hapa watu huniambia, hukujua, kila mtu alikuwa hajui. Nakubali kuhusu uji na tyubu. Kutojua kunaweza kunitetea hapo, japo si sana, kwa kuwa alinieleza na sikumsikiliza. Lakini ulimi nilijua. Ulimi niliutazama kwa macho mawili, nikaenda kusema uongo gatini. Hakuna daktari atakayenieleza ugonjwa wa uongo ule. Sitaki mtu anipunguzie.

Nilipopata nguvu nikapanda bodaboda mpaka Msanzi. Mkewe alikuwa uani anapepeta ulezi. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua ungo.

"Unamtafuta nani?"

Nikamtaja mumewe.

"Nakujua wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyewapa wanangu jina."

"Ni mimi, mama."

"Kiti kipo, ila kina mwenyewe. Simama hapo aje."

Nilisimama. Alipepeta ungo mzima, akamwaga, akaanza mwingine. Mwenzangu alitoka nyuma ya nyumba na jembe begani. Amekonda, mgongo umenyooka, kifua bado kipana. Hakuvuka upande wa pili, maana safari hii uwanja ulikuwa wake.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimweleza alivyosema daktari, nikamweleza mtumbwi na vijana na nilivyomng'ata mmoja. Nikamweleza na ulimi. Aliposikia ulimi akaweka jembe chini.

"Uliuona?"

"Niliuona. Ulikuwa mzima."

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa najiuliza kama pengine nilijing'ata kweli na sikumbuki. Unajua? Nilifika mahali nikawa nakubali. Nikamwambia hata huyu," akamwonyesha mkewe, "kwamba labda nilikunywa."

"Alinitia hasira," mkewe akasema. "Nilimwambia mwanamume mzima huwezi kusahau kama umekunywa ziwa."

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniacha hapo chini kidogo.

"Inuka," akasema. "Mimi sikuumizwa hapa Msanzi. Hapa hakuna mtu anayejua kazi ya kuzamia, hapa walipokea tu maneno yako. Uliyasema gatini. Kayaseme gatini."

"Wale wa zamani wamebaki wachache."

"Jina limebaki. Nikishuka Kasanga kununua dagaa, vijana ambao hata baba zao sikuwajua wananiita hilo. Kayaseme."

"Nitakwenda kesho."

"Nitakuja kusikiliza," akasema. "Sikuamini."

Binti yangu alipojua, alilia. Alisema nitamwaibisha mbele ya wakwe zake, na kwamba watu watasema baba yake ni mwongo. Nikamwambia watakuwa wamesema kweli.

Mimi na mwenzangu tulishuka kwa magari tofauti. Yeye hakutaka kukaa nami. Gatini kulikuwa na vijana wanaotengeneza nyavu, wachuuzi wa samaki aina ya migebuka, na wapakiaji waliokuwa wakisubiri boti ya mizigo. Wazamiaji wapo hata sasa, wanavaa nguo zao za mpira na kubana kwa mikanda. Nilipanda juu ya kreti tupu la soda. Sauti yangu haijarudi vizuri tangu nilipougua, lakini nilisema. Nikasema jina langu na la baba yangu. Nikasema kwamba neno lile la utani nililitunga mimi, na mtu aliyeitwa hivyo hakuwahi kunywa maji.

"Mzee na wewe si ulikunywa juzi?" kijana mmoja akapaza sauti. "Mimi ndiye niliyekuokota. Kovu hili hapa."

Watu wakacheka, wakamshika mkono kutazama kovu.

"Sikunywa," nikasema. "Na ukinilaza tena kichwa chini nitakung'ata tena."

Wakacheka zaidi. Sikuteremka. Nilisubiri. Nilikuwa nimeamua kwamba wanaweza kucheka mpaka boti ije na iondoke, watanikuta juu ya kreti. Walipochoka nikaendelea. Nikasema ugonjwa wenyewe alivyonieleza daktari, nikasema uji, nikasema tyubu na goti langu mgongoni. Nikasema alivyoniambia kifua kimejaa, nami nikamrudisha chini. Nikasema ulimi. Hapo cheko likapungua, maana mtu akikiri uongo wake mwenyewe bila kuulizwa watu hawajui waweke wapi macho.

Mzee mmoja, mzamiaji wa enzi zetu, alikuwa amekaa juu ya rundo la nyavu. Alisema, "Mtu wa juu, kwa nini unafukua? Sisi tulishasahau."

"Ninyi mmesahau," nikamjibu. "Yeye ananunua dagaa hapa anaitwa jina. Nani kasahau?"

Akainamia nyavu zake.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mizani. Nilipodhani nimemaliza, akasema kutoka hukohuko, kwa sauti ya kawaida tu, "Bado. Hujasema ulinikalia."

Kweli nilikuwa sijasema. Nilikuwa nimesema tulimlaza. Nilikuwa nimejificha ndani ya wengi.

"Nilimkalia kiunoni," nikasema. "Aliomba akae, nikamkandamiza. Alipiga mbao kwa kiganja, nikaendelea. Wengine walishika miguu kwa sababu niliwaamuru. Angekufa mikononi mwangu, si mikononi mwa ziwa."

Watu wakageuka kumtazama yeye. Aliingia katikati yao bila haraka. Sikumbuki kama alinitazama. Yule kijana mwenye kovu alimpisha njia, akamwamkia shikamoo, kisha akamwuliza, "Mzee, kitu hicho kinaanzaje? Maana mimi juzi nilihisi kifua kizito nikadhani ni kazi."

"Mkanda wako ulikuwa umebana?"

"Umebana ndiyo."

"Ulegeze kwanza, ndipo nikwambie."

Kijana akalegeza mkanda. Mwenzangu akakaa juu ya rundo la nyavu, kando ya yule mzee aliyesema wamesahau, akaanza kueleza tangu pumzi ya kwanza ilivyokuwa fupi. Alieleza kwa muda mrefu. Wazamiaji walisogea mmoja mmoja, wakamzunguka, na nilipoteremka kwenye kreti sikuona tena uso wake, niliona migongo yao tu. Hakuniambia kama amenisamehe. Sikumwuliza, na sitamwuliza. Nilisimama nje ya duara nikisikiliza, na kila aliposema "hapo sikuwa nimekunywa maji," hakuna aliyecheka.